Darubini ya shule, ya kubebwa na bodaboda

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kata wilayani Manyoni, mkoa wa Singida. Tumechangishana na wazazi tukapata shilingi milioni moja na laki mbili za darubini ya kuangalia nyota. Iwe ya kubebeka, maana nitaitoa nyumbani kwa bodaboda na likizo nitaenda nayo kijijini kwa basi. Mtandaoni nimeona moja inakuza mara 525, ina stendi na vifaa kibao, laki tatu tu. Nichukue hiyo, chenji ninunulie vifaa vingine? Wanafunzi wanataka hasa kuona pete za Zohali.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hiyo ya mara 525 achana nayo, na kwa kuwa wewe ni mtu wa fizikia, nikuonyeshe 525 imetoka wapi. Rudi kwenye tangazo utafute namba 76 na 700. Sitashangaa ukizikuta. Ya kwanza ni kipenyo cha kioo kwa milimita, ya pili ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana. Ndani ya boksi wanaweka lenzi ya jicho ya milimita 4 na lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, ya mara 3. Gawanya 700 kwa 4 unapata 175, zidisha kwa 3 unapata 525. Hesabu haina kosa. Tatizo ni kwamba kioo cha milimita 76 kinavumilia ukuzaji wa mara 150 hivi, kwa kanuni yetu ya mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukizidi hapo unaongeza maji kwenye mchuzi: mwanga ni uleule, umeutandaza tu. Kwenye mara 525, mwanga unaoingia jichoni una upana wa milimita 0.14. Kwa upana huo utaona zaidi vivuli vya takataka zinazoelea ndani ya jicho lako mwenyewe kuliko utakavyoiona Zohali.

Na mimi niliwahi kuingia mkenge huohuo. Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja mjini, boksi limejaa picha za nebula, yale mawingu ya gesi ya angani, za rangi rangi. Miguu ya stendi ilikuwa ya alumini nyembamba kama antena ya redio. Nikigusa skrubu ya kufokasi, Mwezi unatikisika hadi nahesabu sita. Niliikunja baada ya wiki mbili, nikakaa mwaka mzima nikiamini kwamba unajimu wa kutazama ni wa wazungu wenye hela.

Kwa hiyo kwanza angalia upana wa kioo au lenzi ya mbele. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7. Kioo cha milimita 130 kina eneo zaidi ya mara 340 ya mboni hiyo, na zaidi ya mara 3 ya lenzi ya milimita 70. Kinachofuata ni stendi, na hapo ndipo hela za wengi zinapopotelea.

Ningekuwa mimi nina hiyo milioni na ushee, ningenunua darubini ya kioo cha milimita 130 yenye fokasi ya 650, ile fupi ya kuweka mezani ambayo bomba lake hukunjwa kwa kusukumwa ndani. Inayojulikana zaidi ni Sky-Watcher Heritage 130P. Huko nje bei yake imekuwa ikicheza kati ya dola 200 na 300 kabla ya usafiri. Ikikunjwa bomba halifiki nusu mita, na yote pamoja na kitako ina uzito wa kilo 6 hivi, yaani mzigo wa mtoto wa miezi mitatu asiyelia. Kitako chake ni cha aina ya Dobson. John Dobson aliwahi kuwa mtawa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akitoa darubini zake barabarani huko San Francisco ili wapita njia waangalie Mwezi bure, na stendi aliyoieneza ni sanduku la mbao linalozunguka kulia na kushoto, na bomba linalopanda na kushuka. Basi. Hakuna gia wala uzani wa kusawazisha, na mtoto wa kidato cha kwanza anaielewa kwa dakika moja.

Utakutana na watu watakaokushauri stendi ya ikweta, ile yenye mhimili wa kuelekezwa kwenye ncha ya anga na uzani unaoning'inia. Jina linavutia, nasi tuko karibu na ikweta, lakini kwetu ndiyo isiyofaa kabisa. Mhimili wake unatakiwa uinuke kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali ulipo. Manyoni iko karibu nyuzi 6 kusini, kwa hiyo mhimili unalala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Hazishuki hadi huko, na hata zikishuka ule uzani unagonga mguu wa stendi. Juu ya hayo, nyota ya kaskazini ambayo vitabu vya maelekezo vinakuambia uilenge, wewe huioni. Iko chini ya upeo wako.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo vitabu hivyo havilisemi. Sayari kwetu hupita karibu na utosi. Zohali kwa miaka hii, ikifika juu kabisa, inabaki kama nyuzi 10 tu kutoka utosini kwa mtu wa Manyoni. Darubini ndefu ya lenzi ikielekezwa huko, sehemu ya kuchungulia inashuka karibu na ardhi na wanafunzi wanapiga magoti vumbini, au bomba linagonga miguu ya stendi. Kwenye darubini ya kioo kama niliyokutajia unachungulia ubavuni, karibu na mdomo wa bomba, kwa hiyo kichwa kinabaki juu. Hata hivyo kitako cha Dobson nacho ni kigumu kuongoza kikielekea utosini kabisa, kinataka kuzungushwa sana kwa hatua ndogo. Waonyeshe Zohali ikiwa bado mashariki, robo tatu ya njia kwenda juu, usisubiri ifike kileleni.

Sasa foleni. Wewe huna mtazamaji mmoja, una wanafunzi arobaini. Darubini yako itakuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya 10, zinazokupa mara 26 na mara 65. Kwa mara 65 pete zinaonekana, ndogo lakini bila ubishi. Ongeza lenzi moja tu, ya milimita 6 yenye uwanja mpana wa nyuzi 66. Huko nje ni kama dola 30 hadi 50. Hiyo itakupa mara 108. Kwa ukuzaji huo tufe la Zohali, pete ukiziacha, linaonekana kwa ukubwa uleule ambao macho matupu huuona Mwezi mpevu. Watu huniambia hapana, ni dogo kuliko hivyo. Macho ndivyo yalivyo, hayana kipimo.

Uzuri wa uwanja mpana ni huu: gawanya 66 kwa 108, unaona kipande cha anga cha nyuzi 0.61. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo Zohali inavuka kipande hicho kwa dakika mbili na nusu hivi. Kwa lenzi ya bei rahisi ya milimita 10 ukichanganya na Barlow ya mara 2, uwanja ni mwembamba na unapata dakika moja na nusu tu. Tofauti hiyo usipoipigia hesabu utaijutia usiku wa kwanza, maana kila baada ya watoto watatu au wanne unarudi kuilenga upya. Binti mmoja wa darasa la sita aliwahi kuniuliza kwa ukali, kama nimemdhulumu, "Mbona inakimbia?" Nilimpa saa yangu apime. Nawe wape wapime sekunde za Zohali kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ikipita katikati: wageuze sekunde kuwa dakika, nyuzi 0.61 gawanya kwa dakika walizopata, zidisha kwa 1440. Jibu likikaribia 360, umeshafundisha mzunguko wa Dunia bila chaki. Lenzi hiyo ina faida nyingine pia, haimlazimishi mtu kubandika kope kwenye kioo. Wenye miwani watakushukuru.

Nisikufiche kasoro za darubini hii. Ni ya mezani, na meza ya shule inatikisika kuliko daladala. Mimi natumia kreti ya soda iliyogeuzwa, chini nimechimba kidogo ili ikae sawa ardhini, na juu yake kitako kinatulia kwenye miguu yake mitatu. Mtazamaji anakaa kwenye stuli. Kasoro ya pili: nusu ya mbele ya bomba ni vyuma viwili vyembamba tu, katikati wazi, kwa hiyo taa ya jirani na joto la pumzi za watoto vinaingia kwenye njia ya mwanga. Zungushia karatasi ya manila nyeusi au kipande cha mkeka mwembamba wa sponji, ufunge kwa mipira. Ya tatu: sehemu ya kufokasi ni ya plastiki inayozunguka kama mfuniko wa chupa, na huwa inalegea. Dawa yake ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili mitatu kwenye nyuzi za skrubu. Kitako ni cha chipbodi, kikinyeshewa kinavimba na hakirudi.

Kubwa kuliko zote ni kulinganisha vioo. Darubini yenye vioo viwili ikitikiswa barabarani, vioo vinahama kidogo, na picha inakuwa na mkia kama kimondo. Usiogope. Chukua kifuniko cha plastiki kinachokaa vizuri mahali pa lenzi ya jicho, kitoboe katikati kabisa tundu la milimita 2, kiweke, uchungulie mchana. Utaona kioo kidogo, ndani yake kioo kikubwa, na ndani yake tena alama ndogo ya katikati. Vyote vinatakiwa kukaa kimoja ndani ya kingine kama sahani zilizopangwa. Visipokaa, zungusha robo mzunguko skrubu moja kati ya tatu zilizo nyuma ya kioo kikubwa, uchungulie tena. Mara ya kwanza utatumia nusu saa na kulaani. Mara ya tano, dakika mbili.

Zipo njia nyingine nilizozipima kabla ya kukuambia haya. Darubini ya Maksutov ya milimita 90 au 102 ni gumu la safari hasa: bomba fupi lililofungwa, vumbi haliingii, vioo havihami, na kwa Mwezi na sayari ni tamu. Mtu wa Dar anayeishi ghorofani ningempa hiyo bila kusita. Lakini inataka stendi nzuri ya kununua peke yake, na uwanja wake ni mwembamba kama kuchungulia kwenye mrija. Wewe unakaa Manyoni, una giza ambalo sisi tunalipia nauli kulifuata. Kukutafutia darubini isiyoweza kuiweka Kilimia yote ndani ya picha moja ingekuwa dhuluma. Halafu kuna hizi za kisasa zinazojilenga zenyewe na kutuma picha kwenye simu, kama Seestar S50. Uzito wake kilo 2.5 tu, na nebula inazokuonyesha huwezi kuziona hivyo kwa jicho kwenye darubini yoyote ya kubeba. Ila sayari zinatoka kama nukta nene, bei inakula bajeti yako yote, na mwisho wa yote wanafunzi arobaini wanaangalia simu. Simu wanazo.

Mtego mmoja zaidi kabla sijahamia kwenye vifaa: ukiona darubini ya kioo imeandikwa 127 na 1000, chukua rula. Darubini ya kioo ya kawaida huwa na bomba lenye urefu unaokaribia fokasi yake. Kama bomba ni nusu mita, kuna lenzi ya kurefusha fokasi imefichwa ndani, mara nyingi hafifu, na picha haitakaa kali hata ufanyeje. Hakikisha pia tundu la lenzi ya jicho ni la inchi 1.25. Yale membamba ya inchi 0.965 ni ya zamani na lenzi zake nzuri hazipatikani tena kirahisi.

Vifaa sasa, na utaona sina vingi. Lenzi ya milimita 6 nimeshaitaja. Tochi unayo, paka kioo chake rangi ya kucha nyekundu, mipako miwili, kwa sababu jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mweupe wa sekunde moja unarudisha hesabu mwanzo. Ramani ya anga ni programu ya Stellarium kwenye simu, weka mahali ulipo Manyoni na uwashe hali ya usiku. Kilengeo cha nukta nyekundu kinakuja na darubini. Kizime ukimaliza, betri yake ndogo ya duara huisha usiku mmoja ukisahau. Usinunue sanduku la lenzi kumi na vichujio vya rangi, utatumia mbili na nyingine zitapata ukungu. Kichujio cha Mwezi nacho ni hela ya bure: Mwezi ukikuumiza macho, washa taa ya veranda uangalie. Na leza ya kijani ya kuonyeshea nyota waachie wengine. Iko siku mtoto ataielekeza kwenye ndege au kwenye jicho la mwenzake.

Kitu ambacho ningekinunua kabla hata ya hiyo lenzi, ukizingatia shule yako, ni karatasi maalumu ya kuchujia Jua, ile ya kuweka mbele ya bomba, ukubwa wa A4. Shule ya kata wanafunzi wanatembea kurudi nyumbani. Usiku hutawapata wote, na wazazi wa mabinti watakuwa na neno, kwa haki. Jua liko saa nne asubuhi, kipindi chako cha fizikia. Tengeneza fremu ya kadibodi inayobana mdomo wa bomba, gundisha karatasi bila kuivuta, ifunge na tepu isipeperushwe na upepo, na kila siku uimulike kwanza uone kama haina tundu. Ondoa kilengeo. Usiiache darubini peke yake hata ukienda kuita darasa la pili. Watoto wataona madoa ya Jua, na kesho yake wataona yamesogea. Lakini ukikuta popote kichujio kidogo cheusi cha kusokota kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa cha Jua, kiponde kwa nyundo. Pale ndipo joto lote la kioo linapokusanyika, na kinaweza kupasuka jicho likiwa palepale. Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipopatwa kipete kule Rujewa, nilimkuta kijana amejiandaa kwa kichujio cha namna hiyo. Nilimpa nafasi kwenye darubini yangu, chake nikakitia mfukoni, hakukidai.

Kwa macho ya jioni bila usiku mrefu, lenga Mwezi wa siku ya saba. Jua likizama kwenye saa kumi na mbili na nusu, wenyewe uko juu tayari, na milima yake inatupa vivuli virefu kwenye mstari wa mwanga na giza. Mwezi mpevu usikudanganye, hauna vivuli na umebapa kama chapati.

Kwenye pete, waandae. Mwaka 2025 zilitugeukia ukingo, zikawa uzi. Tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka na zitakuwa wazi kabisa kwenye 2032. Kwa hiyo wasitegemee ile picha ya kitabuni mwaka huu. Wachore wanachokiona, wahifadhi mchoro, kidato cha kwanza cha leo wakifika cha nne waulinganishe. Kwenu mvua huanza karibu Desemba, na Zohali kwa sasa inakaa vizuri angani saa mbili usiku kwenye Oktoba mwishoni na Novemba. Hapo ndipo dirisha lako. Kabla ya hapo, Juni hadi Agosti, mna jambo zuri zaidi ambalo hawajui kulidai: weka lenzi ya milimita 25, tafuta Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, kisha panda upande wa mashariki hadi kundi la nyota la Omega Centauri. Kwa macho ni nyota yenye ukungu. Kwenye kioo cha 130 ni sukari iliyomwagika juu ya kitambaa cheusi, nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10.

Usafiri: bomba lifungiwe kwenye begi la shule ndani ya blanketi, ulipakate, iwe basi au bodaboda. Kitako kinaweza kwenda kwenye buti, bomba kamwe, hata konda akigomba. Vumbi la Manyoni likitua kwenye kioo, liache. Kioo chenye vumbi kinaona vizuri, kilichofutwa kwa kanga kimeshaharibika. Pulizia kwa kipulizio cha mpira, na kukiosha ni mara moja kwa mwaka au miwili, kwa maji safi yaliyochemshwa na kukingwa mvuke na tone la sabuni ya vyombo, bila kusugua.

Ukiagiza, tafuta mtu anayerudi nchini mwenye nafasi ya mzigo, au piga hesabu ya usafiri na VAT ya asilimia 18 kabla hujalipa, maana inakokotolewa juu ya bei pamoja na nauli ya mzigo. Darubini, lenzi moja na karatasi ya Jua vinaingia kwenye bajeti yako. Kikibaki kitu, ongeza darubini ya macho mawili ya 10x50 kwa ajili ya walio nyuma kwenye foleni: wakiegemeza viwiko ukutani wataona miezi minne ya Mshtarii wakati wanasubiri zamu.